Ngara ilijitolea kabla ya magari meupe kufika

JUMA hili nataka tulitazame neno moja ambalo hakuna kiongozi anayepanda jukwaani akalisahau. Neno hilo ni kujitolea. Mijini limechakaa. Kijana akimaliza chuo huambiwa akajitolee ofisini mwaka mzima, na mwenye nyumba wake wala hajajitolea kumsamehe kodi. Mjumbe wa nyumba kumi akipita na daftari la mchango anasema ni hiari, kisha anaandika jina la asiyetoa kwa wino mwekundu. Basi mtu akisikia "kujitolea" anashika mfuko.

Lakini lipo pembe moja la nchi yetu ambako neno hili lilipimwa kwa mizani nzito kuliko kwingine kote nijuako, nalo likabadilika maana mbele ya macho ya watu. Nazungumzia wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Wengi wetu huku mjini tunazijua kwa mabasi na malori yanayopita Nyakanazi kwenda Rwanda na Burundi. Historia yake ni ndefu kuliko safari hiyo.

Ngara ni wilaya ya vilima, imebanwa na nchi mbili. Mto Ruvubu unatoka Burundi na kukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na pale pana daraja. Ng'ambo ya pili ni Rwanda. Sehemu ya Ngara inayoitwa Bugufi ilikuwa chini ya mwami wa Burundi kabla Waingereza na Wabelgiji hawajagawana nyara za Mjerumani baada ya vita vya kwanza vya dunia. Mhangaza wa Ngara na Mrundi wa ng'ambo wanasikilizana bila mkalimani. Biharamulo iko mashariki yake, nchi ya Wasubi, Wazinza na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na mjini bado lipo boma lililojengwa na Wajerumani. Wakati wa mambo ninayoyaeleza, Chato nayo ilikuwa ndani ya Biharamulo.

Watu wa huko hawakuanza kupokea wageni juzi. Machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959 na miaka iliyofuata yaliwaleta Watutsi wengi upande wetu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 makazi yao yalifunguliwa Muyenzi, huko huko Ngara. Wengi wa wakimbizi wa kizazi hicho walipewa uraia wa Tanzania mwaka 1980. Watoto wao walisoma shule moja na watoto wa wenyeji, wakaoana.

Wala hawakuanza juzi kufanya kazi bila ujira. Sisi watu wa radio tuna kisa chetu hapa, na naomba mniruhusu nijivunie kidogo. Mwaka 1973, mkoa huo ukiitwa bado Ziwa Magharibi, Radio Tanzania ilitangaza nchi nzima kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu walikaa kwa vikundi kuzunguka redio moja, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vinavyozaa mbu. Viongozi wa vikundi waliofunzwa walikuwa 75,000 hivi, na waliohudhuria walifika milioni mbili. Hakuna aliyelipwa kukaa chini ya mwembe kusikiliza habari za minyoo. Ilikuwa amri kidogo, ilikuwa hiari kidogo. Tusiipake sukari historia. Lakini choo kilichochimbwa kilikuwa cha mchimbaji mwenyewe na watoto wake, na nadhani hiyo ndiyo siri ya mambo yale.

Ngara walikuwa pia na askofu wa namna yake. Christopher Mwoleka, aliyeongoza jimbo Katoliki la Rulenge kuanzia mwaka 1969 hadi 1996, aliuchukua ujamaa kwa dhati kuliko makatibu wengi wa chama. Alikwenda kuishi na kulima katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Wapo waliomcheka. Ila ukitaka kujua kwa nini jumuiya ndogo ndogo ziliota mizizi mapema katika vijiji vile, mtaje na yeye.

Sasa tufike kwenye mzani wenyewe.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa na askari, na katika siku chache mamia ya maelfu ya Warundi wakavuka kuingia Kigoma na Ngara. Kambi hazikuwapo. Wengi walilala kwa watu, jikoni, kwenye vibanda vya mbuzi, madarasani, chini ya migomba. Chakula cha kwanza walichokula Tanzania hakikutoka ghala lolote la kimataifa. Kilitoka kwenye chungu cha mwenyeji ambaye mwenyewe alikuwa akingoja mavuno. Hakuna aliyeitisha mkutano wa uhamasishaji. Mtu alifungua mlango akaona shangazi yake, au mtu anayezungumza kama shangazi yake. Wengi wa wageni hao walirudi kwao mwanzoni mwa 1994, na vijiji vikadhani yamekwisha.

Tarehe 6 Aprili 1994 Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda aliondoka Dar es Salaam baada ya mkutano wa marais wa eneo letu, akiwa na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Ndege yao ilitunguliwa ikikaribia Kigali. Yaliyofuata dunia nzima inayajua. Ngara waliyajua kabla ya dunia, kwa sababu mto Kagera ulianza kuleta maiti. Zilipita Rusumo, zikateremka hadi Ziwa Victoria, na huko Uganda wavuvi na wanavijiji walizitoa majini kwa maelfu wakazizika Kasensero, Lambu na Ggolo. Upande wetu nako watu waliingia mtoni kuvuta maiti za wasiowajua na kuzichimbia makaburi. Mimi nikisikia mtu wa mjini akijisifu kwamba amejitolea kufagia barabara siku moja mbele ya kamera, mawazo yangu huenda kwa watu hao.

Kisha ikaja tarehe 28 Aprili. Ndani ya saa 24 umati ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, liliukadiria kuwa watu 250,000 ulivuka daraja la Rusumo. Baadaye wahesabuji wengine waliishusha hesabu hadi kama 170,000. Chukueni ndogo kati ya hizo mbili, halafu kumbukeni kuwa wenyeji wa wilaya nzima ya Ngara hawakufika 200,000. Ni kama kila kaya iamke asubuhi ikute kaya nyingine uani.

Umati huo ulipelekwa Benaco, kama kilometa 20 kutoka darajani. Jina hilo si la Kihangaza wala la Kisubi. Ni la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara iliyokuwa imeweka kambi yake pale, na palikuwa na bwawa la maji. Miezi michache baadaye watu walikuwa wakisema Benaco ni mji wa pili kwa ukubwa Tanzania baada ya Dar es Salaam. Kwa bahati baadhi ya mashirika na akiba zao walikuwa bado Ngara kwa sababu ya Warundi wa 1993. Hiyo ni sababu mojawapo ya Benaco kutopatwa na maafa ya kipindupindu kama yaliyoua makumi ya maelfu Goma, Zaire ya wakati ule, mwezi Julai mwaka huo huo.

Vitabu na taarifa za mashirika huanza hadithi hapa: malori, mahema ya plastiki ya bluu, Msalaba Mwekundu, madaktari wasio na mipaka, mapipa ya maji ya Oxfam. Yote kweli, na walifanya kazi kubwa. Lakini kati ya daraja na lori la kwanza kulikuwa na siku na usiku wake. Waliokaa kando ya njia walitoa maji, ndizi, mihogo na moto wa kupikia. Wanaojua Kihangaza na Kishubi wakawa wakalimani bila barua ya ajira. Wauguzi wa hospitali za misheni za Murgwanza na Rulenge walipokea majeruhi juu ya wagonjwa wao wa kawaida. Hili halina takwimu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na fomu ya kujaza.

Na hapa kuna jambo gumu ambalo mtu wa radio hana haki ya kuliruka. Wale waliovuka hawakuwa wote watu wa kuonewa huruma. Wengi walikuwa wakikimbia vita, hasa wapiganaji wa RPF waliokuwa wakisonga mbele, lakini waliwaongoza watu ambao mikono yao ilikuwa na damu. Wakati wa mauaji, radio ya RTLM iliwaita watu wakafanye "kazi", na kazi hiyo ilikuwa kuua. Rwanda ilikuwa na utaratibu wake wa kujitolea ulioitwa umuganda, wananchi kutoka pamoja kulima na kutengeneza barabara, uliofanywa wa lazima tangu mwaka 1974. Mwaka 1994 lugha na mipango ile ile ya kuwatoa watu nyumba kwa nyumba ikatumika kuwasaka majirani. Kwa hiyo asiwaambie mtu kwamba umoja wa kijiji ni mwema kwa asili yake. Inategemea umeitwa kufanya nini, na kama unaweza kukataa.

Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa kiongozi wa Murambi nchini Rwanda, alikuwa Benaco. Ilipojaribiwa kumwondoa kambini mwezi Juni 1994, maelfu ya wafuasi wake walizingira mashirika kwa mapanga na marungu, polisi wetu wachache wakapiga risasi hewani. Baadaye sana Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mama wa Kasulo, Ngara, aliyempa mtu kibuyu cha maji mwezi Aprili. Alimpa nani? Hakujua. Kama angengoja ajue, mtoto mchanga aliyekuwa mgongoni mwa mwingine angekufa kwa kiu.

Mwaka 1995 lilizaliwa jambo moja la kufariji: shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Ngara kituo kiitwacho Radio Kwizera, yaani tumaini, kikitangaza kwa wakimbizi na wenyeji pamoja. Chombo kile kile kilichotumika kuchinja watu kikarudishwa kazi ya kuwatafutia ndugu zao na kuwaeleza habari za maji safi. Kituo kipo mpaka leo.

Lakini kambi zilikuwa zimeleta kitu kingine, nacho ni fedha. Kambi zilikua: Benaco, Musuhura, Lumasi, Lukole, Kitali, Keza. Wakimbizi wa Ngara walifika nusu milioni. Mashirika yalihitaji madereva, walinzi, karani wa ghala, wakalimani, wauguzi, walimu. Yule aliyekuwa akitafsiri bure akapewa kitambulisho na mshahara unaoshinda wa mwalimu mkuu wake. Walimu wakaacha ubao, waganga wasaidizi wakaacha zahanati za serikali, wakaenda kambini. Nani awalaumu? Mshahara wa serikali wa miaka ile mnaukumbuka. Ila zahanati ilibaki na mlango uliofungwa na mgonjwa mwenyeji akatembea kwenda kutibiwa kambini.

Mkulima mwenye nguvu alineemeka pia. Mkimbizi alilima shamba kwa ujira mdogo, au kwa mkungu wa ndizi, maana alikuwa na mahindi ya mgao na hamu ya ndizi. Migomba ikaongezeka. Wachuuzi wakaja kutoka Mwanza na Shinyanga. Mkulima mnyonge, mjane, mzee asiye na mtu, huyo alipata hasara tupu: mihogo iliibwa usiku, miti ikakatwa mpaka kuni zikawa za kufuatwa mbali, madarasa yakageuzwa malazi na madawati mengine yakaishia mafigani. Aliyetoa zaidi mwezi Aprili mara nyingi ndiye aliyepata kidogo mwezi Desemba.

Na hapo ndipo neno letu lilipobadilika. Watafiti waliokaa vijijini huko miaka ya 1996 hadi 1998 walisikia kilio kimoja kwa wenyeviti wa vijiji: watu hawatoki tena kwenye kazi za maendeleo. Akiitwa kuchimba mtaro wa bomba, mtu anauliza shirika gani linaleta mradi na posho ni kiasi gani. Semina bila bahasha haikuwa semina. Viongozi wakasema wananchi wameharibika, wamekuwa wavivu, wamezoea kupewa.

Mimi sikubaliani na hukumu hiyo. Mtu aliyetoa chungu chake mwaka 1993 na 1994 hakugeuka mvivu kwa miaka miwili. Aliona tu kwamba kazi ile ile aliyofanya yeye kwa moyo, mwingine anaifanya ndani ya gari jeupe lenye kiyoyozi na analipwa kwa dola. Aliona wageni wanachimbiwa kisima naye akinywa maji ya korongo. Alipoambiwa ajitolee, aliuliza mbona mimi peke yangu. Swali hilo lilikuwa la haki, na halikujibiwa. Lilibandikwa jina la uvivu. Haki pia niseme kuwa baadaye mashirika na serikali walielekeza misaada kwa wenyeji: barabara zilitengenezwa, madarasa na vituo vya afya vikajengwa au kukarabatiwa, visima vikachimbwa. Nyingi ya kazi hizo zilisimama. Nyingine pampu iliharibika na kamati ya maji haikujulikana ni ya nani.

Mlango ulifungwa kwa kishindo. Machi 1995 serikali ilifunga mpaka na Burundi. Mapema Desemba 1996 ikatangaza pamoja na UNHCR kuwa Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31. Wakimbizi hawakwenda Rusumo. Katikati ya mwezi walitoka kambini kwa makundi na kuelekea upande wa pili, mashariki, misituni, kwenye njia ya Rusahunga na Biharamulo, wengine wakitumaini kufika Kenya au Malawi. Jeshi na polisi waliwazuia wakawageuza. Kabla mwaka haujaisha karibu wote walikuwa wamevuka tena daraja lile lile, kurudi. Kambi ya Warundi ya Lukole ilibaki hadi mwaka 2008.

Wakati malori yanaondoka, vijiji vilibaki na vilima visivyo na miti. Vijiji vilirudi kazini polepole, na havikurudi kwa hotuba. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, ikaondoa mgambo na misako. Shule za sekondari za kata zilipoanza kwa nguvu mwaka 2006, wananchi wa Ngara na Biharamulo kama wenzao nchini walibeba mawe, mchanga na maji, kwa kuwa mtoto wa kufaulu alikuwa wa kwao. Ndivyo ilivyokuwa na vile vyoo vya 1973.

Biharamulo nayo ilikuja kupata mtihani wake. Januari 2025 minong'ono ilienea ya ugonjwa unaoua kwa homa na kutoka damu. Kwanza serikali ilisema vipimo havijaonyesha kitu. Tarehe 20 mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alitangaza kuwa ni virusi vya Marburg. Kabla ya hapo, mwaka 2023, ugonjwa huo ulikuwa umeipiga Bukoba Vijijini. Safari hii walioorodheshwa kuugua walikuwa kumi, wawili wakithibitishwa maabara na wanane wakihesabiwa kwa dalili na mazingira, na wote kumi walikufa. Waliogusana na wagonjwa, zaidi ya 200, walipaswa kufuatwa kila siku kwa siku 21.

Nani alikwenda kuwafuata? Wataalamu walikuja, ndiyo. Lakini anayejua njia ya nyumba ya fulani nyuma ya mgomba, anayejua nani alimwosha marehemu na nani aliondoka na baiskeli usiku, ni mhudumu wa afya wa kijiji na kijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu. Walipita mlango kwa mlango, kwenye ugonjwa ambao kumshika mgonjwa mkono kunaweza kuwa ndiyo mwisho wako.

Mhudumu huyo wa kijiji amekuwepo katika sera zetu tangu enzi za mkutano wa Alma Ata wa mwaka 1978, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa mtu wa bure: kofia, fulana, baiskeli ikiwa na bahati, na shukrani. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafunza na kuwalipa posho wahudumu 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano. Nimewasikia watu wakisema posho itaua moyo wa kujitolea, wakitoa mfano wa Ngara ya miaka ya 1990. Mfano huo wameusoma nusu. Ngara haikuharibiwa na mtu kulipwa. Iliharibiwa na mtu mmoja kulipwa na jirani yake kuambiwa ajitolee, katika kazi moja, siku moja. Kufungua mlango usiku kwa anayekimbia risasi hakuna bei, na hakuna serikali inayoweza kukulipia. Kupima homa za kijiji kizima kila wiki, mwaka baada ya mwaka, hiyo ni kazi, na kazi ina mshahara.

Tarehe 13 Machi 2025, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, ilitangazwa kuwa Marburg imekwisha Biharamulo. Mahema yakafungwa, magari yakaelekea barabara ya Mwanza. Waliokuwa wakipita mlango kwa mlango walirudi makwao. Masika yalikuwa yamekwisha anza, na maharage yalikuwa bado hayajapandwa.